Jina la Bibi Chuma

"Weka hapo juu ya ubao, bibi," Fidelis alisema, na mkono wake akaurudisha nyuma.

Levina alikuwa ameshaunyoosha wake, noti ya elfu mbili ikiwa katikati ya vidole. Alikuja kununua chumvi tu. Kwa miaka mitatu, tangu kijana huyu afungue kibanda chake cha uwakala wa fedha za simu, na chumvi na sabuni pembeni, alikuwa akipokea hela ya bibi huyu kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao. Leo anamwonyesha ubao. Levina akaiweka. Kijana akampa chumvi yake, kisha akaisukuma ile noti kwa ncha ya kalamu mpaka ikadondokea kwenye kikopo kitupu, mbali na droo.

Mtu aliyewahi kuuza duka hahitaji kuelezwa maana ya noti kusukumwa kwa kalamu. Levina alitoka pale, na njia ya kurudi nyumbani, ambayo ni hatua mia mbili, aliiona ndefu.

Watu wa huku wanakijua kitu kinachoitwa chuma ulete. Kama wewe hujakisikia, mshukuru Mungu. Ni uchawi, wanasema, wa kuchuma fedha ya mwenzio: unampa noti yako moja, ikiingia kwenye droo yake inazizoa nyingine zote na kuzirudisha kwako. Jioni mwenye duka anaona hazitoshi. Kwamba labda alikosea namba akamtumia mtu asiyemjua, hilo halimjii kichwani. Linalomjia ni kukumbuka nani alimpa noti mchana. Na kama miongoni mwao yumo bibi kizee mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, na mtaa mzima unamwita Bibi Chuma, basi kazi ya kufikiri imekwisha.

Sasa hilo jina. Ni lazima nilieleze, maana ndilo lililotaka kumuua.

Levina alizaliwa upande wa Mahenge, akaolewa Kivukoni na Sylvanus, mfanyakazi wa pantoni, enzi hizo mto ukivukwa kwa zamu na daraja halipo hata ndotoni. Alikuwa na darasa la saba na hesabu zilimkaa kichwani, kwa hiyo ushirika ulipotafuta mtu wa kuuza duka la kijiji wakamchukua yeye. Ilikuwa miaka ile ya uhaba. Sukari ilikuwa habari. Gunia likishushwa Kivukoni, watu walitoka mashambani na kanga zao kichwani wakapanga foleni kabla duka halijafunguliwa.

Levina alikuwa na sheria moja tu, foleni. Aliyetangulia anatangulia. Mlango wa nyuma wa duka lile, ambao mtangulizi wake alikuwa akiutumia kuwapimia rafiki zake, aliupigilia misumari mwenyewe kwa nyundo ya mumewe. Mwaka 1983 akaja bwana mkubwa mmoja kutoka makao makuu, suti ya Kaunda imenyooshwa kwa pasi, akawapita watu wote na kusema apimiwe kilo tano. Levina akamwambia, "Shikamoo mzee. Mwisho wa foleni ni pale, nyuma ya yule mama mwenye mtoto mgongoni." Watu walikauka. Bwana mkubwa akamtazama, akaitazama foleni, akacheka kicheko kikavu, akaenda kusimama nyuma ya mama mwenye mtoto. Sukari iliisha wakiwa wamebaki watu wawili mbele yake.

Katika foleni ile alikuwepo Mwalimu Anselim, mwalimu wa historia, mwenye redio kubwa ya betri sita. Ndiye aliyesema kwa sauti, watu wote wasikie, "Huyu si mchezo. Huyu ni mwanamke wa chuma, kama yule mama wa Uingereza." Foleni nzima ikacheka, na kicheko kile kikawa ubatizo.

Tangu hapo Mwalimu alikuwa akija na redio yake jioni kwenye baraza ya duka, wakasikiliza habari za London kwa Kiswahili, naye akaongeza za kwake. Alimweleza Levina habari za Waziri Mkuu wa Uingereza, Magreti Thacha: kwamba baba yake alikuwa na duka la vyakula katika mji mdogo, na familia ililala juu ya duka hilohilo, kwamba alisomea kemia, akaingia bungeni, na mwaka 1979 akawa mwanamke wa kwanza kushika cheo kile, kwamba jina la Mwanamke wa Chuma alipewa na Warusi kwa kejeli, naye badala ya kulikataa akalivaa.

"Kwa hiyo naye amepima sukari," Levina alisema.

"Bila shaka," akajibu Mwalimu, ambaye hakuwa na uhakika hata kidogo. "Na majani ya chai."

Hilo lilimtosha. Alimfuatilia mama yule miaka yote, kwa mapenzi na kwa ugomvi. Wachimba makaa ya mawe walipogoma mwaka mzima na yule mama asilegeze, Levina alizira redio siku tatu. "Watoto wao wanakula nini?" alimuuliza Mwalimu, utadhani Mwalimu ndiye aliyekuwa bungeni. Jina alilipenda, mwenye jina hakumpenda kila siku. Lakini ilipofika Novemba 1990, na redio ikaeleza jinsi mawaziri wake mwenyewe walivyoingia chumbani mmoja mmoja, wengi wakisema binafsi wako naye ila hawezi kushinda, na jinsi alivyoondoka ndani ya gari macho yamejaa machozi, Levina alilia pale barazani. Sylvanus alishangaa mkewe kulilia Mzungu. Hakuelewa kwamba miezi mitano kabla ya hapo, ushirika ulipolifunga duka kwa sababu biashara sasa ni ya kila mtu, hakuna aliyefika kumwambia Levina hata asante.

Sylvanus alifariki. Levina akahamia Katindiuka kulima mpunga, akamsomesha binti yake Aurelia, ambaye sasa yuko Morogoro na familia yake. Jina likamfuata, ila njiani lilikuwa likipungua: Mwanamke wa Chuma, Mama Chuma, Bibi Chuma. Waliojua lilikotoka walikufa au walihama. Vijana waliokuja kufuata mpunga na miwa walilikuta limeshasimama peke yake. Na neno lenyewe ndilo hilohilo: chuma cha jembe, na chuma ya kuchuma tunda. Mtoto wa darasa la pili anayapambanua, lakini mtu mwenye hofu hapambanui kitu.

Alasiri ya siku ile ya chumvi, Mwanamvua alikuja. Huyu ni jirani yake, muuza vitumbua, wamezeeka pamoja ukuta kwa ukuta. Hakubisha hodi kama kawaida yake ya kupiga kelele toka barabarani. Aliingia na kurudishia mlango.

"Dada Levina, nenda Morogoro. Nenda kwa Aurelia, hata kesho asubuhi."

"Kuna nini?"

"Fidelis hela zimempungua mara tatu mwezi huu, na anakutaja wewe. Wamewaita lambalamba. Mkutano ni keshokutwa, alasiri, pale kwenye kiwanja cha mpira."

Lambalamba ni wale watu wanaozunguka na vitambaa vyekundu na vioo, wakidai wanawaona wachawi kama wewe unavyoliona jua. Serikali imewakataza. Wanakuja vilevile, na wanaowaita ni watu walewale wanaosema hawawajui. Anayetajwa ananyolewa nywele kwa wembe mbele za watu na kunywa dawa. Anayekataa, jambo lake linabaki wazi.

Levina alijua wazi maana yake nini. Miaka miwili iliyopita mzee mmoja ng'ambo ya mto alitajwa, akakataa kunyolewa, akasema yeye ni Mkristo. Wiki ya pili nyumba yake iliungua mchana kweupe, yeye akiwa ndani, na hakuna jirani aliyeona moshi.

"Nikienda Morogoro nimekiri," Levina alisema. "Nitarudi nikute nini hapa? Majivu."

Mwanamvua alichungulia barabarani, kisha akatoka.

Alipobaki peke yake alichukua kioo akajitazama macho. Mekundu. Miaka sitini ya moshi wa kuni, yangekuwaje? Aliosha kwa maji ya baridi, akatazama tena, bado mekundu. Alisikia pikipiki ikipunguza mwendo nje, akasimama nyuma ya mlango mpaka ikapita. Kisha, bila kutaka, akaanza kuwapitia majirani kichwani, mmoja mmoja: nani angeuona moshi. Alifika kwa Mwanamvua akakwama hapo.

Asubuhi alimfuata Mwalimu Anselim, mtaa wa Viwanja Sitini, kwa mtoto wake anakoishi siku hizi. Mwalimu ana miaka themanini na minne na akili yake nzima. Alikuwa barazani, redio ndogo mapajani. Alipomwona tu alisema, "Mwanamke wa Chuma," na Levina nusura alie kwa kusikia jina lake limekamilika.

Alimweleza yote. "Wewe ndiye uliyenipa. Njoo kesho useme lilikotoka. Maneno mawili tu, Mwalimu."

Mwalimu aliizima redio. Akakichezea kitufe chake.

"Levina," alisema, "mimi binafsi niko na wewe. Hilo ulijue. Ila hawa watu mimi siwawezi. Nina miaka themanini na minne, macho yangu nayo uyaone. Nikisimama pale kukutetea, kesho watauliza huyu mzee anamjua vipi."

Wote wawili waliyasikia maneno yale yalivyotoka. Walikuwa wameyasikia pamoja kwenye baraza moja, kutoka kwenye redio moja, mwaka 1990. Mwalimu aliinamisha kichwa. Levina hakumkasirikia, alichokisikia ni baridi tu, tangu magotini.

"Waambie watafute kwenye simu," Mwalimu alisema akimsindikiza. "Imo. Kila kitu kimo. Simu haiogopi."

Siku ya mkutano alivaa gauni lake la jumuiya ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Kiwanja kilijaa. Mwenyekiti wa mtaa, Nickolaus, alifungua kwa kusema kwamba mtaa hautamtaja mtu yeyote jina, na akiwa anasema hivyo alimtazama Levina, na watu wote wakageuka kutazama anakotazama mwenyekiti. Pembeni walikaa lambalamba watatu. Mkubwa wao alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake.

Levina aliomba kusema. Aliwasimulia foleni, na gunia, na bwana mkubwa wa suti ya Kaunda. Aliwaeleza juu ya yule mama wa Uingereza, binti wa mwenye duka. "Jina langu ni la chuma cha jembe," alisema. "Si la kuchuma. Kama mnaona nadanganya, simu mnazo. Tafuteni."

Fidelis ndiye aliyetoa yake kwanza. Aliandika, akabonyeza itafsiri kwa Kiswahili, akaanza kusoma kwa sauti ya kutoamini. "Mwanamke wa Chuma. Jina la utani la... waziri mkuu wa Uingereza, tangu 1979 hadi 1990. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe tunaishi na waziri mkuu hapa," na watu wakacheka, kicheko kizuri, cha kujilaumu kidogo. Nickolaus alijifuta jasho. Levina alisikia pumzi ikimrudia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili akahisi njaa.

Angeishia hapo yule kijana. Lakini kidole kikishaanza kuteleza kwenye simu hakijui kusimama.

"Alifariki mwaka 2013," Fidelis aliendelea. "Baadhi ya watu walitoka barabarani kusherehekea kifo chake, wakimwita..." Akaishusha simu.

"Wakimwita nani?" akauliza mkubwa wa lambalamba, kwa upole uleule.

"Wakimwita mchawi."

Hakuna aliyecheka. Mimi nakuambia wewe, huko kwao ni tusi tu; waliomchukia kwa ajili ya migodi na kodi walitafuta neno la kumchoma, wakaliokota hilo, jioni wakaenda kulala. Huko mchawi ni neno la kumtupia mtu. Huku ni shitaka. Lakini nani pale kiwanjani angeyaeleza hayo, na nani angesikiliza? Levina mwenyewe hakuwa analijua. Miaka arobaini alilivaa jina la mtu, na siku anayoligeuza liwe ngao, linatoka na hilo.

"Jina limejieleza," alisema mkubwa wa lambalamba, akaufungua wembe kwenye karatasi. "Bibi, njoo ukae."

Walikuwa wameweka kigoda. Levina alikitazama, akaona na moshi, na mlango wake, na majirani wote wamegeukia upande mwingine. Akikataa, nyumba inaungua. Akikaa peke yake, ameshakuwa mchawi mpaka kaburini, na pengine nyumba inaungua vilevile. Kitu pekee kilichomjia kichwani, katika hofu yote ile, kilikuwa kile alichokijua kuliko vyote.

"Kuna foleni," alisema.

"Unasemaje?"

"Kuna foleni. Mimi nimezaliwa upande wa Mahenge, kunyolewa huku nimekuona tangu utoto. Hanyolewi mmoja. Aliyetaja na aliyetajwa wananyolewa wote, siku moja, wanakunywa dawa moja, na neno linaisha. Na aliyetangulia anatangulia. Mimi nimetajwa. Aliyetaja ndiye aliyetangulia." Akageuka. "Fidelis, mjukuu wangu, njoo ukae."

Mkubwa wa lambalamba alitikisa kichwa, akasema siku hizi hawafanyi hivyo. Ni kweli hawafanyi, maana anayetaja ndiye anayewaita. Lakini Mwanamvua alikuwa ameshasimama. "Mimi desturi hii si yangu," alisema, "ila nimeishi nayo miaka hamsini. Ni wote wawili." Mzee mmoja akaitikia, na mwingine, na wale mama watu wazima wa Kipogoro, watu wa Mahenge, waliokaa mbele wakaanza kunung'unika, wote wawili, wote wawili, mpaka Nickolaus akamtazama Fidelis na kumwonyesha kigoda.

Kijana alikuwa na nywele za kisasa, zimepunguzwa pembeni na kupakwa rangi ya dhahabu juu. Alikaa. Wembe ulipogusa paji la uso, alianza kulia, waziwazi, mabega yakitikisika. Levina alikuwa amesimama karibu yake, wa pili katika foleni, na alimwona vizuri. Alikuwa ameshinda siku mbili akimchukia kama mwongo. Sasa aliona kwamba hakuwa mwongo. Kijana yule aliamini kila neno, na alikuwa akiogopa zaidi yake yeye. Hilo halikumpunguzia Levina hofu, lilimwongezea.

Kisha akavua kitambaa chake cheupe, akakikunja, akakaa. Nywele zake zilidondoka mavumbini, nyeupe, juu ya zile za dhahabu.

Nyumba haikuungua. Wiki ilipita, ya pili ikapita. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimsimamisha nyuma ya mlango, ila nyumba haikuungua. Mwalimu Anselim alimtumia salamu kwa mtu, naye akazipokea. Pale mtaani walimwamkia kuliko zamani, wakubwa kwa wadogo. "Shikamoo, Bibi Levina." Jina la Chuma hakulitamka mtu yeyote tena, hata Mwanamvua, na wa kulirudisha likiwa kamili hakuwepo. Wakati mwingine, akipuliza moto asubuhi, Levina alilisema mwenyewe, polepole, asije akasikika.

Chumvi ilipoisha alikwenda kibandani. Fidelis alikuwa amesimama nyuma ya ubao, kichwa chake kikiwa na vinywele vifupi vinavyochipua sawasawa na vya bibi. Levina alinyoosha mkono na noti yake. Akangoja. Kijana aliutazama ule mkono, kisha akaipokea noti, kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa.

"Ahsante, Bibi Levina. Karibu tena."

"Ahsante, mjukuu wangu."

Alikuwa ameshafika barabarani alipogeuka, bila sababu. Fidelis alikuwa bado amesimama vilevile na noti ya bibi mkononi. Aliitazama droo. Kisha akatoka nje ya kibanda, akainama, akaiweka chini ya jiwe, peke yake, mbali na hela nyingine.